Paa linavuja upepo wa kusi tu, mvua ya kawaida halivuji. Wajuzi wa mabati njooni

#1 Bint_Fuoni

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naomba mawazo kabla sijampa mtu mwengine pesa. Nyumba ipo Fuoni, ya chini, vyumba vitatu na ukumbi. Paa ni la bati za migongo midogo, vipaa viwili: kimoja kinaangalia barabarani, yaani kusini, chengine kinaangalia uani, kaskazini. Ndani tumepiga dari ya jipsamu.

Ukumbini karibu na ukuta wa kati pana doa la rangi ya chai, kila masika linatanuka. Ajabu yake ni hii: ikinyesha mvua ya kumwagika wima, ile ambayo ndani hamsikilizani, halitoni hata tone. Ikija mvua ya ubavuni, upepo wa kusi umeanza, hata kama si kubwa, beseni linajaa.

Mafundi wamepanda. Kila mmoja anashuka na maneno yaleyale, "misumari hiyo dada", anapaka lami, anachukua chake. Kule juu sasa kumejaa mabaka meusi na ukumbi wangu bado unatona. Wa mwisho kaniambia niezue lote niweke msauzi, aina nyengine ya bati. Jamani, niezue?

#2 kijana_wa_mombasa

Dada nunua beseni kubwa zaidi, masika yaishe salama 😂

#3 Shangazi_Bububu

Wee mtoto hebu mwache mwenzio.

Bint Fuoni mwanangu, kabla ya yote zima taa ya hapo ukumbini kwenye meni swichi, usitegemee swichi ya ukutani. Kwetu maji yalishuka na waya wa taa, taa inafumba na kufumbua, siye tunalaumu umeme mdogo. Halafu itazame jipsamu yenyewe. Ikiwa imefanya tumbo, weka ndoo chini uitoboe kwa bisibisi pale katikati ya tumbo. Bora tundu moja la kuziba kuliko bodi nzima kuwaangukia watoto.

#4 Fundi_Kenchi

Waalaykumu salaam. Usiezue kitu.

Maelezo yako yameshatoa nusu ya jibu, ila waliopanda hawakukuuliza. Msumari uliolegea hauchagui mvua. Tundu la msumari au bati lililolika kwa kutu huvuja mvua yoyote, na ile ya wima ndiyo huvuja zaidi kwa sababu ndiyo inayopitisha maji mengi juu ya bati. Paa linalobaki kavu kwenye mvua ya kumwagika, likavuja kwenye mvua ya upepo, maji yake hayashuki kuingia. Yanasukumwa. Na pahala pa kusukumiwa si pengi: chini ya kofia, lile bati la kileleni vipaa viwili vinapokutana, kwenye ubavu bati lilipolaliana na jenzake, pale bati linapokutana na ukuta uliopanda juu yake, na pembeni kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

La pili, usitafute tundu juu ya doa. Hapo ndipo wenzangu wanapopotea. Anasimama ukumbini, anatazama doa, anapanda, anapaka lami wima juu yake. Maji yakishaingia hutambaa chini ya bati mpaka yakutane na papi, mbao zinazopigiliwa bati, yakafuata papi hadi kwenye kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, yakateremka na ubao wa kenchi mpaka yakute msumari, fundo la mbao au maungio, hapo ndipo yanapoachia. Nimeshaona maji yaliyoingilia juu ya choo yakatokea chumba cha wageni. Kwa hiyo kutoka kwenye doa unapandisha kufuata mteremko, hushuki. Maji yanaweza kusukumwa na upepo yakapanda sentimita kadhaa chini ya bati, hayapandi mita.

Fanya hivi, au msimamie fundi afanye:

Ndani, pima doa liko umbali gani kutoka kuta mbili zinazokutana. Andika. Mtu apande juu ya dari mchana, jua kali, akanyage mbao za kenchi tu, asikanyage jipsamu. Azime tochi akae kidogo mpaka macho yazoee kiza. Kila palipotoboka pataonekana nukta ya mwanga. Apatie alama kwa chaki. Kisha awashe tochi afuate mbao: palipopita maji pana mchirizi mweusi au alama ya kutu inayoshuka kutoka kwenye msumari. Aufuate mchirizi kuelekea juu mpaka unapoanzia. Pale unapoanzia ndipo pa kuongelea, si pale unapoishia.

Ukipata pa kushuku, usipake. Jaribu kwanza kwa mpira wa maji. Mmoja juu ya paa, mwengine ndani ya dari na tochi, mnasemezana kwa simu. Anza kumwagia CHINI ya paa, upande mdogo tu, uachie dakika kumi au kumi na tano, ndiyo upande hatua moja. Mafundi wengi wanaanzia kofiani, maji yanateremka paa zima, likivuja hujui limevuja wapi. Na maji yaende kama mvua inavyokwenda, kutoka juu kushuka. Ukiufinya mpira ukapuliza kwa nguvu chini ya maungio, hata paa zuri litavuja.

Jibu lije na hivi: kofia yako ina upana gani, na bati zimelaliana migongo mingapi?

#5 Mkaazi_Malindi

Naomba nichomekee hapahapa. Sisi tupo Mji Mkongwe, nyumba ya urithi, paa la zamani la chokaa ambalo juu yake babu aliweka bati upande mmoja tu. Upande usio na bati unavuja. Fundi ametaka mifuko ya saruji apige sakafu mpya juu. Sawa hiyo?

#6 kijana_wa_mombasa

Saruji tena juu ya boriti za babu, nyie mnaipenda roho kweli?

#7 Bint_Fuoni

Fundi_Kenchi ahsante sana, Allah akulipe. Kofia sijui upana, ntamtuma mdogo wangu apime. Migongo naona bati limelaliana mgongo mmoja. Na nilisahau kusema, juu kuna dishi la TV, limefungwa kwenye bati lenyewe, kipaa cha nyuma.

#8 Nungwi_Pwani

Dishi hilohilo! Tatizo limekwisha. Kwetu kila nyumba inayovuja ina dishi.

#9 Fundi_Kenchi

Linawezekana, lakini dishi likitoboa bati huvuja mvua zote, narudi palepale. Tena liko kaskazini. Lijaribuni pia kwa maji, ila msisherehekee.

Nungwi, wewe una balaa lako jengine hapo ufukweni, chumvi. Bati zako unazibadilisha kila baada ya muda gani?

#10 Nungwi_Pwani

Usiniulize. Chini ya penu ndiko zinakoanza kuliwa, kule juu bati bado linang'aa.

#11 Fundi_Kenchi

Ni kawaida. Juu mvua inaosha chumvi, chini ya penu haifiki, chumvi inakaa na unyevu wake inakula taratibu. Osheni chini ya penu kwa maji matamu kila mara, mtapata miaka. Na ukinunua, kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba zaidi. Watu wanadhani namba kubwa ndiyo bati kubwa, na muuza duka hana haraka ya kuwasahihisha. Pwani kabisa, kama mfuko unaruhusu, bati za alumini, lakini na misumari yake yenyewe na skrubu zake. Ukipiga alumini kwa msumari wa chuma wa kawaida, msumari na pembeni yake vinaanza kuliwa kabla bati halijazeeka. Mabomba ya shaba ya eyasi (kiyoyozi) nayo, maji yanayotona kutoka kwenye shaba yasimwagikie bati.

Kitu chengine ambacho sioni watu wakisema: grenda. Fundi anakata bati juu ya paa kwa grenda, cheche zinarukia bati jirani, zinaunguza rangi na zinki. Baada ya miezi unaona madoa ya kutu yametapakaa unasema bati feki. Bati likatwe kwa mkasi, na likatwe chini.

#12 Baraza_la_Mawe

Nimjibu Mkaazi_Malindi, maana jambo lake si la kuchelewesha.

Ndugu yangu, saruji hapana. Paa la zamani la Mji Mkongwe ni boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe yaliyopangwa, juu yake kifusi na chokaa iliyotwangwa mpaka ikashikana. Mzigo huo ni mkubwa tangu asili. Ndiyo maana vyumba vingi vya mjini vina upana wa mita 3 hivi, boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo. Kila kizazi kikipaka saruji ya kwake juu kwa sababu ya mvujo, mzigo unapanda na boriti ni zilezile. Halafu saruji ni ngumu, chokaa na mawe vinacheza kidogo, inapasuka nyuzinyuzi. Maji yanaingia kwenye nyufa, hayana pa kutokea maana saruji haipumui, yanakaa ndani yanashuka taratibu kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ncha ndizo zinazooza mwanzo, na ndizo usizoziona.

Kabla ya kushughulika na juu, shughulika na ncha. Chukua bisibisi, ichome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, hamlali chumba hicho. Nasema kwa uzito. Tumeliona Beit al-Ajaib lilivyoporomoka upande Desemba 2020, jengo la 1883 lililokuwa likitazamwa na dunia nzima. Nyumba zetu za vichochoroni zitazamwe na nani?

Halafu milizamu, njia za kutolea maji ya paa. Panda uangalie kama maji yana pa kutokea. Mara nyingi paa halina tundu lolote, mlizamu umeziba majani na kinyesi cha kunguru, maji yanalala juu siku nzima, na chokaa ikilaliwa na maji siku nzima itapitisha. Uzibue, uone mvua inayofuata inasemaje. Kama pana mche umeota kwenye ufa, hasa mtini au mfano wake, usiung'oe kwa nguvu ukaondoka na jiwe. Ukate, uue mzizi, ndiyo uzibe.

Kuziba ni kwa chokaa. Unachimbua palipolegea mpaka pagumu, unasafisha vumbi, unalowesha, unajaza chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, unaipigapiga, unaifunika magunia mabichi isikauke haraka. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa na inachukua wiki na miezi, si kesho yake kama saruji. Kwa hiyo si kazi ya masika. Sasa hivi weka turubai au malizia bati upande uliobaki, likiwa na penu ya kutoa maji nje ya ukuta, kazi ya chokaa ije masika yakipita.

Na nenda Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa, mji ni wa urithi wa dunia tangu 2000 na ruhusa ni lazima. Watu wanaikimbia kwa kuogopa mizunguko. Mie naona afadhali mizunguko, wataalamu wa chokaa waliobaki unawapatia kwa njia hiyohiyo.

#13 Mkaazi_Malindi

Nimechoma. Nyingi ngumu, mbili kwenye kona ya chooni zimezama. Tumehamisha vitanda. Ntakwenda kesho inshaallah.

#14 Baraza_la_Mawe

Tieni na gadi za kusimamisha chini ya hizo mbili leo, msingoje kesho. Mbao nene wima, na ubao mpana chini ili isitoboe sakafu.

#15 Mpemba_Wete

Yakhe mnaongea mabati na chokaa, siye wa zege tuje lini? Pemba mvua zetu mnazijua, Unguja hamfikii. Nina paa la zege Wete, la kulala kabisa, nondo zimesimama juu zinangoja ghorofa ambayo Mungu ndiye ajuaye lini. Chini yake pana unyevu kwenye pembe mbili, na bimu moja imeanza kutoa maganda, chuma kinaonekana.

#16 kijana_wa_mombasa

Ghorofa ya kungoja karafuu zipande bei 😂

#17 Mpemba_Wete

Na zikipanda ntakualika uje ubebe matofali.

#18 Fundi_Kenchi

Mie wa mbao na bati. Pana mtu wa zege humu?

#19 Sakafu_Machomanne

Nipo. Mpemba mwenzangu, pembe hizo mbili bila shaka ndipo zilipo nondo zako za kungojea.

Nondo iliyosimama nje inaota kutu. Maji ya mvua yanateremka nayo, yanaingia pale inapozama kwenye zege, na kutu ikizaliwa inatanuka kuliko chuma chenyewe, inapasua zege linaloizunguka. Ufa ukishafunguka maji yanaingia zaidi. Hilo ganda la bimu ni kutu inayosukuma kutoka ndani. Ukilipiga plasta juu bila kusafisha chuma, umeficha ugonjwa, utarudi palepale na ganda kubwa zaidi.

Bimu: gonga kwa nyundo ndogo, panapotoa sauti ya kitu kitupu pana uwazi ndani, chimbua mpaka chuma chote chenye kutu kionekane, mpaka nyuma yake, sugua kwa brashi ya waya hadi king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, ndiyo ujaze. Kama chuma kimeliwa kikawa chembamba, usijaze, ita mhandisi. Bimu inabeba.

Nondo za juu: sugua, pakaza, na zunguka kila kundi la nondo kwa tuta dogo la zege lenye mteremko ili maji yaende mbali nazo. Kama ghorofa kweli haiji, zikate na uzifunike. Najua watu hawapendi kukata matumaini yao, lakini nondo iliyoachwa nje miaka kumi haifai kuunganishiwa tena bila kuangaliwa.

Kuhusu kujua linavuja wapi, zege lina kipimo chake. Ziba mitokeo, jaza maji kina cha sentimita 5, weka alama ukutani, uache siku moja nzima huku unatazama chini. Lakini piga hesabu kwanza: sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 umeweka tani nzima. Wewe bimu yako inatoa maganda, kwa hiyo USIFANYE mpaka bimu itengenezwe. Na wa Mji Mkongwe msithubutu kabisa kujaza maji juu ya chokaa. Kwa sasa mwaga maji sehemu ndogondogo kwa mpira, pembe moja kwa wakati wake.

#20 Mpemba_Wete

Tangi la maji nalo liko juu, karibu na pembe moja.

#21 Sakafu_Machomanne

Basi ulize swali la kwanza kabisa: unyevu upo hata siku za kiangazi? Kama upo, si mvua, ni tangi au bomba. Funga bomba la kutokea, weka alama ya kina cha maji kwenye tangi usiku, itazame asubuhi. Ni bure.

#22 Shangazi_Bububu

Hilo la siku za kiangazi ni muhimu. Jirani yangu alfajiri anakuta matone chini, hakuna mvua wala tangi. Kumbe bati linatoa jasho. Hakuwa na dari, watu wamelala ndani, madirisha yamefungwa, hewa ya ndani yenye unyevu inagusa bati lililopoa usiku. Walifungua matundu ya hewa juu ya kuta, jasho likapungua sana. Alikuwa ameshampigia simu muuza lami.

#23 Bint_Fuoni

Narudi na ripoti, samahani ni ndefu.

Mdogo wangu kapanda darini mchana. Nukta za mwanga zipo kwenye dishi, mbili. Tumemwagia maji pale kwa mpira: ikavuja, lakini imetona juu ya chumba cha nyuma, haikukaribia ukumbi. Kumbe nina mivujo miwili na mmoja sikuujua, umekuwa unanyonywa na boksi za nguo zilizokuwa juu kule.

Tukaja kipaa cha kusini. Tumeanza chini kama ulivyosema. Chini, kavu. Katikati, kwenye mabaka yote ya lami, kavu isipokuwa pahala pamoja: lami imejaa kwenye ubavu wa maungio, maji yanagota hapo, yanapanda upande wa pili na kuingia kidogo. Kule juu karibu na kofia, kumwagia kwa kushuka, kavu. Mdogo wangu akasema hapa hamna kitu. Mie nikamwambia shuka, simama mbele upande wa barabarani, rusha maji juu yaangukie kofia kwa ubavu kama upepo unavyoleta. Haikuchukua muda, mbao ya juu kabisa ikalowa, maji yakashika kenchi ya kati, ukumbini tone!

Mchirizi mweusi kwenye kenchi unaanzia hapohapo chini ya kofia. Kofia inafunika bati kwa kama vidole vinne kila upande, na chini yake ukitazama kutoka ndani unaona mdomo wazi wa kila mgongo, mwanga unapita.

#24 Fundi_Kenchi

Mashaallah, umefanya kazi ambayo wenzangu wamelipwa hawakuifanya. Ile ya kurusha kutoka mbele ni sawa hapo, kwa sababu uliyatupa maji juu yakaanguka na upepo. Nilichokataza ni kupuliza chini ya maungio.

Basi mkosaji ni kofia. Vidole vinne ni kama sentimita 7 au 8. Kwa kipaa kinachopigwa na kusi uso kwa uso ni kichache, ingefika 15 kila upande. Migongo ya bati inaacha vinywa chini ya kofia, mvua ya upepo inapanda na mabonde, inaingia kwa vinywa. Mvua ya wima haina wa kuisukuma, ndiyo maana ukumbi ulikuwa mkavu.

Matengenezo yake ni haya, tena si ghali ukilinganisha na kuezua:

Ng'oa kofia yote ya juu, misumari itolewe taratibu, matundu yake yatafunikwa na kofia mpya. Kabla ya kurudisha, kila bonde la bati pale juu linakunjwa ncha yake kwa koleo, liinuke kama kizingiti kidogo. Hili halimalizi dakika kwa kila bati na ndilo linalozuia maji yanayopandishwa na upepo, lakini mafundi wanaliruka kwa sababu mteja halioni. Vinywa vizibwe kwa sponji iliyokatwa umbo la migongo, zinauzwa. Usikubali azibe kwa saruji. Bati la mita 3 likichomwa na jua linarefuka kama milimita moja na nusu, usiku linarudi, saruji haichezi nalo, itapasuka ndani ya msimu. Tena saruji mbichi inakula zinki.

Kofia mpya iwe pana. Vipande vya kofia vilaliane sentimita 15, na kile cha juu kielekee upande usiopigwa na upepo, mdomo wa maungio usiutazame upepo. Misumari ipigwe kwenye MGONGO, si kwenye bonde, yenye raba. Isipigwe mpaka raba ikafumka wala isiachwe inacheza.

Lami ya kwenye ubavu ikwanguliwe, hapo umeona mwenyewe kuwa ilitengeneza mvujo badala ya kuuziba. Maungio ya ubavu yameachiwa nafasi ili maji yaliyoingia yateremke yatoke chini. Ukiyaziba nusu, yanajaa. Na mgongo mmoja ni kidogo, mmoja na nusu au miwili ndiyo sahihi, lakini sasa si wa kuezua kwa ajili hiyo. Kama baada ya kofia kubaki bati moja linalopitisha, lifunguliwe hilo, litiwe ukanda wa mpira ndani ya maungio, lipigwe upya.

Dishi lihamie ukutani. Matundu yake yawekewe kipande cha bati kinachoanzia chini ya kofia kushuka mpaka kipite matundu, si kiraka cha kubandika juu.

#25 kijana_wa_mombasa

Huyu fundi anapatikana wapi? Sasa hivi siulizi kwa mzaha.

#26 Fundi_Kenchi

Nimejaa mpaka masika yaishe. Mwambie fundi wako yeyote akunje ncha za bati chini ya kofia. Akikuuliza "kwa nini", muelekeze. Akikwambia "haina haja", tafuta mwengine.

Na asipande bati likiwa limelowa. Akipanda kavu, akanyage kwenye mistari ya misumari, ndiko kuliko na papi chini. Wanaokanyaga katikati ndio wanaoacha bati limebonyea, maji yanalala hapo. Nyumba za zamani zenye bati za saruji za kijivu msizikate wala kuzitoboa, nyingi zina asbesto, vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

#27 Nungwi_Pwani

Na siye wa makuti mmetusahau.

#28 Fundi_Kenchi

Makuti yakivuja, angalia mwinuko kabla ya kuti. Paa la makuti lililolala litavuja hata likiwa jipya, linataka mwinuko mkali maji yasipate nafasi ya kuzama. Mwinuko ukiwa mzuri, mvujo wa pahala pamoja unachomekewa viungo vipya vya makuti chini ya vile vilivyochoka, huezui. Lakini ukiona mwanga kila pahala, hapo ezua.

#29 Bint_Fuoni

Fundi amekuja, kofia mpya ipo juu, nimemsimamia ncha moja baada ya moja mpaka akanichoka. Jana kulikuwa na ile mvua ya ubavuni. Ukumbi mkavu. Alhamdulillahi.

Swali la mwisho: jipsamu na lile doa naweza kupaka rangi juu moja kwa moja?

#30 Shangazi_Bububu

Ngoja mwanangu. Iguse kwanza, ikiwa bado ina ubaridi haijakauka ndani. Ikikauka kabisa, paka mkono mmoja wa rangi ya mafuta juu ya doa, ndiyo urudi na rangi yako ya maji. Ukipaka rangi ya maji peke yake doa la chai litatokeza tena, utamlaumu fundi bure. Na kama imelainika ukiibonyeza, kata kipande hicho uweke kipya.

#31 Mpemba_Wete

Na mie niripoti. Nimetia alama kwenye tangi jana usiku, bomba nimelifunga. Asubuhi maji yameshuka vidole viwili. Sakafu_Machomanne, hapo vipi?

#32 Sakafu_Machomanne

Hapo pembe moja umeshaipata, badilisha muungano wa bomba chini ya tangi na uache pakauke. Pembe ya pili bado ni nondo. Na bimu usiichelewe.